Mwanafunzi akiondoka, daftari la chama hubaki na nani?

KILA mwaka, kati ya Mei na Septemba, mabasi yanayoshusha abiria Busia huleta wageni ambao si wafanyabiashara, si madereva wa malori, wala si watu wanaokwenda msibani. Ni vijana wenye begi mgongoni, barua ya chuo yenye muhuri, na kitabu cha kumbukumbu ambacho lazima kijazwe kila siku na kusainiwa na msimamizi kila wiki. Huulizia ofisi ya shirika la wanawake, au ya wasaidizi wa kisheria, au ya chama cha wachuuzi wa mpakani. Aghalabu ofisi hiyo ni chumba kimoja nyuma ya duka la simu, chenye meza mbili, kabati la mafaili na kalenda ya mwaka jana.

Tanzania wanasema kijana huyo yuko fildi. Kenya yuko atachimenti. Uganda anafanya intanshipu, na wanaopenda Kiswahili cha vitabuni husema utarajali. Jambo ni moja: chuo kinamtoa mwanafunzi darasani kwa wiki nane, kumi au kumi na mbili, akafanye kazi mahali halisi, kisha arudi aandike ripoti na kupewa alama.

Wengi wao huzikimbilia benki, mamlaka za mapato, halmashauri na kampuni za simu. Wachache huishia kwenye mashirika ya kijamii, yale yanayotetea haki za wanawake, yanayotoa msaada wa kisheria, yanayosimamia vikundi vya kuweka na kukopa. Wachache hao ndio wanaomhusu mfanyabiashara mdogo wa mpakani, kwa sababu ndio wanaokaa naye kwenye benchi moja akisubiri kuhudumiwa.

Chukua mfano wa kawaida. Mama ana magunia sita ya maharage, ameyatoa upande wa Uganda, anayapeleka soko la upande wa Kenya. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi Januari 2005, na chini ya utaratibu wake wa biashara iliyorahisishwa, shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa ni bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi wanachama na imo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita bila ushuru wa forodha. Kinachotakiwa ni cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, na cheti hicho hutolewa na maofisa wa forodha palepale mpakani.

Hayo yameandikwa. Sokoni yanafika yakiwa nusu. Kuna wanaoamini kwamba cheti kikishapatikana hakuna kingine cha kulipa wala kukaguliwa, na hao hushangaa wakiambiwa habari za kodi nyingine za ndani au za mkaguzi wa afya ya mimea. Kuna wengine, na pengine ndio wengi, wanaoamini kwamba kila kinachovuka mpaka lazima kilipiwe ushuru, kwa hiyo bora kumpa kijana wa bodaboda apite nao porini. Kati ya makosa hayo mawili ndipo dalali anapopata chakula chake.

Mwanafunzi anayekaa asubuhi nzima na mama huyo wakisoma fomu mstari kwa mstari, yeye akitafsiri Kiingereza cha karatasi na mama akimweleza gunia lilitoka shamba gani na kwa bei gani, amefanya kazi ambayo haionekani kuwa kubwa. Hakuna atakayempiga picha. Lakini safari ya pili mama atajaza mwenyewe, ya tatu atamjazia jirani yake, na dalali atakuwa amepoteza wateja wawili. Mashirika huandika maneno mazito kwenye mabango yao kuhusu mabadiliko ya kijamii. Mpakani mabadiliko hayo huwa na sura ya mtu aliyejaza karatasi bila kushikwa mkono.

Mfano mwingine ulionekana Machi 2021, Kenya iliposimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye milango ilifunguliwa tena, ila kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, shehena iwe na cheti cha uasili, na iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa mwenye malori, hilo lilikuwa suala la kuajiri mtu wa kushughulikia karatasi. Kwa mwenye magunia kumi lilikuwa ukuta. Sehemu kumi kwa bilioni ni nini? Inaonekana? Inanuka? Ukiosha inatoka?

Maswali hayo ndiyo yanayomfaa mwanafunzi wa kilimo au sayansi ya chakula. Anaweza kueleza kwamba sumu hiyo hutengenezwa na kuvu, kwamba punje inaweza kuonekana safi nayo imo, kwamba kuosha na kupika hakuiondoi, na kwamba kazi kubwa hufanyika kabla ya gunia kushonwa: kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kutenga punje zilizooza, kutofunga mahindi kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5 inayotakiwa na viwango vya Afrika Mashariki. Ofisa wa viwango anayajua yote haya vizuri kuliko mwanafunzi. Tofauti ni kwamba ofisa ana foleni mbele yake, na mama anamwogopa.

Mpaka mmoja, nusu mbili za tatizo

Busia ni mahali pazuri pa kuona udhaifu wa mpango huu. Ni miji miwili yenye jina moja, ukitoka huu unaingia ule kwa miguu. Tangu Februari 2018, kituo cha huduma kwa pamoja kilipozinduliwa na marais wa Kenya na Uganda wa wakati huo, msafiri hushughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, upande anaoingia. Serikali zimeshakubali kwamba mpaka hauwezi kuhudumiwa kwa nusu.

Vyuo havijafika huko. Mwanafunzi wa chuo cha Kenya hupangiwa shirika la upande wa Kenya, wa Uganda hupangiwa upande wa Uganda. Sababu zake ni za kiofisi tu. Mhadhiri lazima aende kumkagua mwanafunzi angalau mara moja, na posho yake imepangwa kwa safari za ndani ya nchi. Bima anayodaiwa mwanafunzi na mwenyeji wake imeandikwa kwa nchi moja. Mkopo wa serikali nao unafuata utaratibu wa nchi moja. Matokeo yake, vijana wawili wanaweza kukaa miezi miwili mita mia chache kutoka kila mmoja wakichunguza tatizo lilelile, wa huku akiandika kwamba vitunguu vinacheleweshwa kule, wa kule akiandika kwamba vinacheleweshwa huku.

Inashangaza ukikumbuka kwamba Soko la Pamoja lilianza Julai 2010, na kwamba Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu kwa Afrika Mashariki nzima, huku Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala likipewa kazi ya kulisimamia. Kwenye karatasi, alama za masomo zinaweza kutoka chuo cha nchi moja zikahesabiwa kwenye chuo cha nchi nyingine. Mwanafunzi wa mwaka wa pili kuvuka barabara kwenda kusaidia chama cha upande wa pili bado ni kazi.

Yapo mashirika ambayo kwa asili yake hayafanyi kazi kwa nusu. EASSI, iliyoanzishwa 1996 kufuatilia maazimio ya mkutano wa wanawake wa Beijing na yenye makao Kampala, imefanya kazi na wanawake wanaofanya biashara ya kuvuka mpaka. Shirika la aina hiyo, au hata vyama viwili vidogo vya pande mbili vinavyojuana, vinaweza kuomba wanafunzi wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa chini ya chuo chake na nchi yake, lakini wakiandika daftari moja. Kila mzigo uliochelewa ungeandikwa na wote wawili: saa uliyofika, saa ulioondoka, karatasi iliyodaiwa, na dirisha lililoidai. Baada ya wiki nane kamati ya mpaka ingekuwa na kitu cha kujadili zaidi ya malalamiko.

Nani anayelipa chumba

Wiki nane zina gharama. Chumba, chakula, nauli, bando la intaneti la kutuma ripoti. Mashirika madogo hayalipi mshahara. Likijitahidi sana, shirika hutoa chakula cha mchana na nauli ya siku ya kwenda vijijini. Tanzania, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huhesabu mafunzo kwa vitendo miongoni mwa mambo inayoyakopesha, na hilo limesaidia wengi. Asiye na mkopo anarudi kwa mzazi.

Kwa hiyo anayeweza kwenda kufanya kazi ya bure kwenye shirika la mpakani ni yule mwenye mjomba mjini au mzazi mwenye uwezo. Binti aliyekua akimsaidia mama yake kubeba vitunguu kuvuka mpaka, anayejua bei ya gorogoro bila kuuliza na anayejua ofisa gani ana hasira Jumatatu, ndiye ambaye angefaa kuliko wote. Ndiye pia ambaye likizo ikifika hutafuta kibarua cha kulipwa ili arudi chuoni na ada. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana binti wa namna hiyo nyumbani.

Hali imekuwa ngumu zaidi tangu mapema 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na baadaye mwaka huohuo kulifunga shirika lake la misaada, USAID. Mashirika mengi ya ukanda huu yaliyotegemea fedha hizo, moja kwa moja au kupitia wengine, yalipunguza watu. Kiti cha mfanyakazi kikibaki wazi na mwanafunzi yupo, kishawishi cha kumkalisha hapo ni kikubwa. Anapokea simu, anaandika taarifa za wafadhili, anajibu wateja. Kwake ni uzoefu. Kwa shirika ni nafuu.

Hatari yake huonekana mzigo unapokamatwa. Nyanya hazingoji. Mwenye mzigo anakimbilia ofisini, anamkuta kijana wa mwaka wa pili wa sheria peke yake, naye kwa nia njema kabisa anamwambia asisaini chochote, au asaini kila kitu, au asubiri kesho. Ushauri wowote kati ya hiyo unaweza kuwa sahihi siku moja na ukala mtaji wote siku nyingine. Tanzania ilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017 ambayo inawatambua wasaidizi wa kisheria na kutaka wawe wamepata mafunzo. Mwanafunzi wa fildi anaweza kumsaidia msaidizi wa kisheria. Kukaa mahali pake ni jambo jingine, na shirika linaloruhusu hivyo linacheza na mtaji wa mtu.

Si kwamba wanafunzi hawawezi kazi nzito wakisimamiwa. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilikuwa na kamati yake ya msaada wa kisheria tangu 1967. Eldoret, shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Moi iliwapeleka wanafunzi wake vijijini tangu miaka yake ya kwanza, wakiishi na kujifunza kwenye vituo vya afya, na Makerere ilichukua mtindo kama huo 2003. Kilichofanya mipango hiyo idumu ni kwamba mwanafunzi alikuwa na mkubwa wake karibu, na kituo kilijua kundi lingine litakuja mwaka unaofuata.

Mjadala wa mwanachuo na jamii yake una historia ndefu hapa kwetu, na haukuwa wa upole siku zote. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani mamia yao, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miaka minane baadaye Azimio la Musoma likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Siku hizo swali lilikuwa msomi anawiwa nini na wakulima waliomlipia. Swali hilo limepoa, na mahali pake limekuja jingine dogo zaidi: fomu ya tathmini imejazwa?

Jina lako kwenye ripoti ya mtu

Liko jambo moja ambalo vyama vya mpakani hulisahau. Mwanafunzi ni mtu wa kuaminika. Ni mpole, anasikiliza, anaandika. Baada ya wiki ya pili watu humweleza mambo wasiyomweleza ofisa yeyote: njia ya panya inayopitika usiku, kiasi anachopewa fulani ili asione, nani alimshika mama fulani kwa namna isiyofaa kwenye chumba cha ukaguzi.

Maelezo hayo ndiyo mali ya thamani kuliko zote anazoondoka nazo. Yakiandikwa vizuri yanaweza kubadilisha mambo. Kunyanyaswa kwa wanawake mpakani kulianza kuzungumzwa kwenye mikutano mikubwa kwa sababu kuna waliokaa chini wakasikiliza na kuandika. Yakiandikwa ovyo, jina la mama wa maharage linabaki kwenye ripoti iliyofungwa vizuri, na nakala yake iko kwenye kabati la idara ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua. Mji wa mpakani ni mdogo. Ofisa wa leo anaweza kuwa na mpwa anayesoma idara hiyohiyo.

Chama kina haki ya kuweka masharti kabla ya kalamu ya kwanza kushika karatasi. Majina yabadilishwe. Alama zinazomtambulisha mtu, kama kibanda chake au kijiji alikoolewa, ziondolewe. Asiyetaka kuandikwa asiandikwe. Kabla ripoti haijaenda chuoni isomwe mbele ya wanachama, kwa Kiswahili au kwa lugha ya soko, hata kama imeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi mzuri hatakataa. Kazi hiyo ya kuisoma ripoti yake mbele ya watu anaowaandika itamfundisha kuliko maswali ya mhadhiri.

Nao wanafunzi wana lao la kudai. Msichana wa miaka 21 aliyeachwa peke yake kwenye chumba cha nyuma ya duka, katika mji wa malori na pesa za haraka, anahitaji mtu mzima anayejua anapolala na anaporudi. Vyama vingi vya akina mama hufanya hivyo bila kuambiwa: wanamtafutia chumba kwa mtu wanayemjua, wanampelekea ugali, wanamuuliza mbona hajala. Hiyo haimo kwenye fomu ya tathmini, wala chuo hakiilipii.

Chama kinachotaka mwanafunzi hakihitaji mfadhili ili kumpata. Kwa kawaida barua huanzia kwa mwanafunzi, lakini hakuna kinachozuia ianzie kwa chama: kuiandikia idara ya chuo kilicho karibu kabla likizo haijaanza, kusema kazi gani ipo, nani atamsimamia, na atalala wapi. Idara zenye mamia ya wanafunzi wa kupangia nafasi hazipati barua za namna hiyo kila siku. Kazi yenyewe itajwe waziwazi. Ukiandika kwamba unahitaji mtu wa kujenga uwezo, utaletewa mtu wa kuja kukaa. Ukiandika kwamba unahitaji mtu wa kupanga hesabu za kikundi cha watu 30 kwa shilingi za nchi mbili, na kumfundisha katibu wenu namna ya kuziendeleza, anayekuja atajua anakuja kufanya nini.

Hapo kwenye kufundisha katibu ndipo wengi hujikwaa. Kijana anakuja na kompyuta yake, anatengeneza jedwali zuri lenye rangi, michango huku, mikopo kule, faida inajihesabu yenyewe. Wiki ya nane anafunga kompyuta na kuondoka nayo. Katibu anabaki na karatasi moja iliyochapishwa, ya tarehe ya mwisho.

Mei inayofuata anashuka mwingine, na begi, na barua yenye muhuri. Anaomba aone kumbukumbu za kikundi ili aanzie hapo. Mama mwenye duka anainama chini ya kaunta, anapangusa vumbi, anatoa madaftari matatu yenye mwandiko wa watu watatu tofauti. La kwanza limeishia ukurasa wa kumi na nne. La pili limeishia katikati ya Agosti. La tatu lina mwandiko wa katibu mwenyewe, herufi kubwa zilizolala upande, na limejaa hadi jalada la nyuma.